Mwongozo wa Kukinga Mgongo kwa Wanaoruka Matuta ya Kitale

Kwanza hakikisha bado una mgongo. Mtu wa boda aliyepanda Boxer yake tangu saa kumi na moja alfajiri, akabeba mahindi, kitanda na wakwe za watu, huenda ameshausahau. Ukiupata, tuendelee.

Huko ng'ambo kinga ya mgongo huvaliwa na watu wanaolipa pesa ili wazunguke kwa kasi kwenye uwanja wa lami usio na ng'ombe, usio na tuta lisilochorwa, wala trekta la miwa linalorudi usiku bila taa. Sisi tunaotoka Kitale kwenda Bungoma tunavipata vyote hivyo bila kiingilio, ila hatuna ambulensi inayosubiri kando ikiwa imewashwa. Basi ukisikia mmoja wao akilalamika kwamba kinga yake inambana kwapani, mpe pole.

Kinga inayopendwa zaidi stejini ni abiria. Huhitaji kuinunua, yenyewe ndiyo inayokulipa. Gari likikugonga kwa nyuma, abiria ndiye wa kwanza kupata habari. Sheria ya Trafiki inamruhusu mmoja tu, lakini fundi wa kazi anajua ulinzi bora ni wa matabaka.

"Mama, songa kidogo, huyu anashukia hapo Kamukuywa tu."

"Nisonge wapi tena, mwanangu? Nikukalie mapajani?"

"Vumilia, mama, ni hapo tu."

Mama anavumilia, kijana wa shule anajipachika nyuma yake na begi lake, kuku wawili wananing'inia kwenye usukani kulinda upande wa mbele, na safari inaanza.

Kuna pia koti. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi yake haina mzaha. Ndiyo maana koti zito la mtumba huvaliwa kinyumenyume, zipu ikiwa mgongoni na haijafungwa. Kifua kinapata joto la kutosha. Mgongo unabaki na fulana iliyogawiwa kwenye mazishi, ile yenye picha ya marehemu, na anayekufuata anasoma tarehe ya kuzaliwa na ya kufa kutoka Kiminini hadi Misikhu. Sijaona tangazo la usalama barabarani linaloishinda fulana hiyo.

Halafu kuna riflekta ya kampeni. Huja yenyewe kila uchaguzi unapokaribia, uso wa mheshimiwa ukitabasamu kati ya mabega yako, na unene wake ni wa ganda la kitunguu. Polisi hawezi kukukamata kwa kukosa riflekta, kwa hiyo imefanya kazi. Pia inamkinga mheshimiwa asisahaulike.

Sasa wabishi, mnaotaka kitu chenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya Dainese ya Italia iliutazama mkia wa kambakoche, magamba yanavyopandana na bado mnyama anajikunja atakavyo, ikaunda kinga ya mgongo kwa mfano huo. Miongoni mwa waliotangulia kuivaa alikuwa Barry Sheene, Mwingereza aliyeanguka vibaya sana Daytona, Marekani, mwaka 1975. Alijua anachokinga.

Ukikutana na koti la pikipiki kwenye marundo ya mtumba, ingiza mkono ndani ya mfuko wa mgongoni uvute kilichomo. Mara nyingi utatoka na kipande cha sponji laini cha kukalia. Kinga halisi ina maandishi EN 1621-2. Maana yake imewekwa juu ya chuma, ikaangushiwa uzito wenye nishati ya jouli 50, sawa na kilo tano kutoka urefu wa mita moja, na nguvu iliyopenya upande wa pili ikapimwa. Daraja la 1 huruhusu wastani wa kilonyutoni 18 zipenye, na la 2 huruhusu 9. Chukua la 2. Angalia na herufi: FB hufunika mgongo mpana hadi kwenye mabega, CB ni katikati tu, na LB ni ya kiunoni. Muuzaji akikuuliza urefu wako, mwambie akupime kutoka kiunoni hadi begani, kwani mrefu wa miguu anaweza kuwa na mgongo mfupi. Na ikishapata ajali moja kubwa, itupe. Hakuna fundi wa kuichomelea.

Usije ukadhani umenunua uzima. Kinga hiyo hupunguza pigo la moja kwa moja, kama ukingo wa daraja au jiwe la barabarani. Mgongo ukipinda au ukisokoteka, au ukiangukia makalio, haina la kukusaidia, na majeraha mengi ya uti huja kwa njia hizo. Hospitali ya taifa inayoshughulikia majeraha ya uti wa mgongo iko Nairobi, zaidi ya kilomita 350 kutoka Kitale, na huko hutapanda Boxer kwenda.

Kwa hiyo kama hela ulizonazo zinatosha kitu kimoja, iache kinga ya mgongo dukani. Nunua helmeti mbili zinazofungika chini ya kidevu, moja yako na moja ya abiria, jinsi sheria inavyotaka, kisha mbebe mmoja tu. Ile helmeti unayoitundika kwenye kioo cha pembeni ivae leo. Kioo kimelindwa vya kutosha.