D- Yetu Haina Hadithi

Kenya hii, ukitaka kumjua mtoto wa mwenzio, swali ni moja tu: "Alipata ngapi?" Jirani anauliza, mzee wa kanisa anauliza, hata makanga wa matatu ya Njoro anauliza huku ameikalia chenji yako. Ukijibu "A", unashikwa mkono. Ukijibu "C plain", unapewa pole na mazungumzo yanahamia kwa bei ya unga.

Binti yangu alipata B-. Ukisikia hivyo utadhani ni mtoto wa katikati, mpole, asiye na makuu. Thubutu! Slipu yake ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ni Bonde la Ufa lenyewe: A ya Kiswahili na A ya Historia zimekaa juu kabisa ukingoni mwa Menengai, kisha unateremka Biolojia ukishikilia vichaka hadi unatua chini kwenye D- ya Hisabati. Tangu 2023, gredi ya mwisho hupatikana kwa kujumlisha Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. Kemia, iliyokuwa D, ikaachwa nje na hakuna aliyeilia. Hisabati haiachwi. Iliingia na vijipointi vyake 2, jumla ikawa 59. B plain huanzia 60. Mama yake mpaka leo anaitafuta ile pointi moja.

Mimi nilikuwa nimeridhika. Lango la digrii ni C+, mtoto amelipita, KUCCPS ya kugawa nafasi za vyuo ipo, na Chuo Kikuu cha Egerton kiko hapo Njoro: asubuhi anaenda, jioni anarudi kuosha vyombo. Lakini binti akagundua kwamba Marekani kuna vyuo vidogo vya sanaa huria, Amherst, Williams, Bowdoin na wenzao, ambako mwanafunzi huonja falsafa, biolojia na muziki kabla ya kuamua atabobea wapi. Akaniambia Bowdoin iliacha kuwalazimisha waombaji kuleta alama za mtihani wao wa kujiunga na vyuo tangu 1969. "Baba, hawa hawatazami herufi moja. Wanamtazama mtu kwa ukamilifu wake."

Sikilizeni niwaambie: ukamilifu wa mtu ni karatasi nyingi.

Kwanza walitaka ripoti za miaka yote minne ya sekondari. Nani Nakuru hii ametunza ripoti ya kidato cha pili? Ya kwetu ilipatikana imetandikwa kwenye rafu ya vyombo, ina duara la mafuta juu ya Fizikia. Nafasi: 41 kati ya 56. Maoni ya mwalimu wa darasa: "Ana uwezo, aongeze bidii." Muhula uliofuata alipanda hadi nafasi ya 9. Maoni: "Ana uwezo, aongeze bidii."

Kisha barua za walimu. Nikafunga safari hadi shuleni. Mwalimu wa darasa, mtu mwema, akavuta droo akatoa barua iliyokwisha kuandikwa: mwanafunzi huyu ni mtiifu, ana nidhamu, na shule inampendekeza bila kusita. Kilichobaki ni kujaza jina.

"Mwalimu," nikamwambia, "hawa wanataka kisa. Jambo alilolifanya darasani mpaka ukashangaa."

Akafikiri sana. "Mzee, nina wanafunzi 60 kwa darasa, na madarasa ni manne. Aliyenishangaza ni yule aliyeanguka kutoka dirishani."

Aliyetuokoa ni mwalimu wa Historia. Alikumbuka kwamba binti alibishana naye kuhusu mkataba wa Wamaasai wa 1904, ule uliowaondoa kwenye malisho ya bonde hili, hadi kengele ya chakula ikalia na darasa zima likataka kuwapiga wote wawili. Hicho ndicho kisa. Sikujua kwamba kuchelewesha githeri ni sifa.

Ikaja zamu ya shughuli za nje ya darasa. Fomu ya pamoja inayotumiwa na vyuo hivi ina nafasi 10, kila moja ikikuruhusu herufi 150 za maelezo. Watoto wa huko, nasikia, hujaza piano, kuogelea na kuanzisha shirika la kuokoa nyuki. Binti yangu Jumamosi hukaa kwenye duka letu la nafaka pale Free Area akipima maharagwe. Nikachungulia nikaona ameandika: "Msimamizi wa mauzo na uhusiano na wateja." Nikamwuliza kama mteja mwenyewe ni yule mama tunayemdai tangu Pasaka.

"Ndiye, Baba. Huo ndio uhusiano."

Kumsindikiza nyanya kliniki ya presha kukawa huduma kwa jamii. Kuchota maji mifereji inapokauka kukawa uhifadhi wa rasilimali. Kufikia nafasi ya saba nilianza kumwogopa huyu mtu aliyekuwa akilala nyumbani kwangu bila mimi kujua cheo chake.

Fomu ya pesa ndiyo iliyonitoa jasho. Wanauliza thamani ya nyumba, ya biashara, ya ardhi nyingine uliyo nayo. Tuna shamba Subukia. Au niseme, mimi na ndugu zangu saba tuna shamba Subukia, hati iko kwa jina la marehemu babu, mpaka wa chini una kesi, na ng'ombe waliomo ni wa mtu ambaye hakuna aliyemruhusu. Fomu imeacha kisanduku kimoja, na kinataka nambari. Tena wanasema ukweli wa nambari hiyo ni muhimu, kwa sababu vyuo vingi hutazama mfuko wa mwombaji wa kutoka nje kabla ya kumkubali. Amherst ni mojawapo ya vichache vinavyosema havitazami. Lakini vyuo kama Amherst na Williams hupokea takriban mmoja katika kila waombaji kumi, na hata huyo mmoja wakati mwingine hatimii.

Mama watoto hujibu manung'uniko yangu yote kwa jina moja: Wangari Maathai. Wangari aliishi utotoni kwenye shamba la mzungu karibu na Nakuru hii hii, baba yake akifanya kazi hapo. Mwaka 1960 akaenda Mount St. Scholastica, chuo kidogo cha watawa kule Atchison, Kansas, akasoma biolojia, na baadaye akaleta Tuzo ya Nobeli nyumbani. Sawa. Lakini siku zile Tom Mboya ndiye aliyezunguka Marekani akiomba nafasi na nauli, na ndege ya kwanza, Septemba 1959, ikabeba vijana 81. Mimi Mboya wangu ni kijana wa saiba anayetoza kwa kila ukurasa anaoskani, na skana yake hukata jina la mwisho.

Wasaidizi wa kweli wapo. KenSAP ilianzishwa 2004 na Mike Boit, yule wa medali ya shaba ya mita 800 kule Munich 1972, pamoja na mwandishi Mmarekani John Manners, nayo imewavusha vijana wengi wa Bonde la Ufa hadi vyuo vya kutajika. Hapo mwanzo waombaji walikimbizwa hata mita 1500 kule Iten. Ila wao huwatafuta wale wa kilele cha KCSE, na binti yangu hata mvua huikimbia akitembea. Akaniletea Lupita Nyong'o, aliyesoma Hampshire, chuo cha Massachusetts ambako walimu waliandika tathmini badala ya kutoa gredi. Nikauliza: sasa mzazi atagombana na mtoto kwa kutumia nini?

Lakini yote hayo ni mateso madogo. Kubwa ni insha, maneno 650, na kisanduku cha pembeni cha kueleza jambo lolote lililoathiri masomo yako. Hapo ndipo shangazi yake alipoingia. Shangazi ana rafiki ambaye mwanawe aliingia Marekani, kwa hivyo ni mtaalamu.

"Insha bila msiba haiendi," akasema. "Andika kwamba baba yako alifariki ukiwa kidato cha pili. Hapo ile nafasi ya 41 inaeleweka."

Mimi nilikuwa nimeketi mbele yake nikinywa chai.

"Si lazima afe kabisa," akaongeza alipoona nimeshusha kikombe. "Hata kuugua tu kunatosha. Lakini iwe karibu na mtihani."

Wapo watoto ambao D zao zina sababu nzito. Aliyefukuzwa kwa karo nusu ya kila muhula, aliyeamka akakuta Ziwa Naivasha limeingia nyumbani kwao Kihoto: hao wapewe kisanduku, tena kipana, na anayekisoma asiwe na haraka. Sisi maji hayajatufikia. Karo ililipwa, kwa shida lakini ililipwa. Mwalimu wa Hisabati alikuwepo, kitabu kilikuwepo, taa ilikuwepo. Logarithimu zikafika, binti akatazama nje ya dirisha, zikapita. Hakuna zaidi. Hapa kwetu D- hiyo ni aibu ya ukoo. Kule inataka kuwa safari ya kishujaa yenye mafunzo mwishoni. Sijaona fomu ya nchi yoyote yenye nafasi ya mtoto mzima wa afya, mwenye wazazi wawili hai, ambaye hesabu ilimshinda basi.

Binti, kwa bahati, ana msimamo. Insha akaiandika kuhusu ule ubishi wa 1904. Kwenye kisanduku cha pembeni akaandika kwamba Hisabati ilikuwa ngumu kwake, alijaribu, haikuwezekana, na familia yake inaendelea vyema. Shangazi aliposoma hayo ya mwisho alishika kichwa.

Juma lililopita alihojiwa kwa video na mtu aliyesoma kwenye mojawapo ya vyuo hivyo. Nilikuwa nyuma ya pazia kwa sababu za kiusalama. Wakazungumza vizuri, wakacheka, wakataja vitabu. Mwisho yule bwana akasema, kwa adabu, kwamba sasa ni zamu yao kuulizwa: je, kuna swali lolote?

Lilikuwepo. Nikatoka nyuma ya pazia na koti langu la kanisani kumwuliza bwana yule yeye mwenyewe alipata ngapi katika hesabu. Binti akafunga laptopu kabla sijafika mbele ya kamera.