Kijiji Kimehamia Lami

Mwaka 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na ikifika mwisho wa 1976 kila mkulima awe amehamia. Wazee wetu wa Hanang bado wanasimulia malori, mgambo na maboma yaliyoachwa nyuma. Serikali ilihangaika kweli kutupanga kando ya barabara. Laiti ingejua! Ingemwaga lami, ikakaa pembeni inywe chai.

Maana tangu ile barabara ya Singida–Babati–Minjingu iwekwe lami kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika na Wajapani, hapa Nangwa hakuna anayetaka kulala mbali na honi. Mwenye bati zake chache kafungua fremu. Ya kwanza vocha na miamala, ya pili kinyozi, ya tatu kitimoto, ya nne imefungwa kwa sababu mwenyewe yuko kwenye ya tatu. Ukizunguka nyuma tu, unakanyaga mbaazi za watu. Kijiji kimerefuka hadi kwenda kumsalimia balozi wa nyumba kumi kunahitaji nauli, lakini upana wake ni nyumba moja na choo.

Watu wa Dar es Salaam msicheke. Mji wenu nao ulitanuka kama vidole, ukifuata barabara za Bagamoyo, Morogoro, Pugu na Kilwa. Daladala ilipofika, kiwanja kilipanda bei. Isipofika, mwenye kiwanja alilima mchicha. Tofauti ni kwamba tangu 2016 ninyi mna basi la mwendokasi lenye njia yake. Huku mwenye njia yake ni ng'ombe, na yeye kachagua katikati.

Sasa jaribu kwenda mjini Katesh. Mabasi makubwa hayatutambui. Yanapita yakiulizana kwa taa kama mbele kuna tochi ya trafiki. Unabaki na mchomoko, gari lililotengenezwa kwa watu watano ambalo huku halijawahi kuondoka na watano. "Mzee, ingia, bado mmoja tu!" Unaingia. Huyo mmoja anakuja na mkewe, mtoto, debe la maharage na jogoo asiyelipa nauli. Unasogea, unakaa upaja mmoja. Dereva anachungulia ndani, anaridhika, anafunga mlango kwa goti, kisha anapiga kelele tena dirishani: "Bado mmoja tu!"

Na ukirudi usiku ndipo utawajua vijana wa bodaboda. Mimi naishi kwenye shamba aliloliacha baba yangu, maji yapo, kivuli kipo, Mlima Hanang unauona wote bila kulipia. Zamani nyumba yetu ndiyo ilikuwa kijijini na barabara ndiyo ilikuwa porini. Leo kijana niliyembeba mgongoni ananiambia, "Shikamoo babu. Kwako ni ndani sana, ongeza buku." Babu analipishwa kwa kosa la kubaki alipozaliwa.

Hao vijana ndio maofisa mipango wetu, ingawa rula waliiacha shuleni. Kijiwe chao kilikuwa chini ya mgunga mmoja. Siku walipohamia upande wa pili kwa sababu ya jua, mama wa maandazi aliwafuata. Fundi viatu akamfuata mama wa maandazi, wakala wa fedha akamfuata fundi. Muda si mrefu mwenye nyumba wa pale akapandisha kodi, akasema yupo "katikati ya mji". Kwenye ule mgunga wa mwanzo sasa anafungwa punda. Nimewaomba mara nyingi wahamie karibu na zahanati ili mgonjwa apate usafiri, wakaniambia pale hakuna kivuli. Mgonjwa atembee, kivuli kisihame.

Sasa wote tumejibana mbele, na Sheria ya Barabara ya 2007 na kanuni zake zinasema hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Zamani zilikuwa 22.5. Hizo saba na nusu zilizoongezeka ndizo watu wamezijaza vinyozi. Kila gari la serikali likipunguza mwendo, fremu nzima inatoka nje kuangalia kama anashuka mtu mwenye kopo la rangi, maana X nyekundu ukutani haina mjadala.

Nikamuuliza jirani yangu, yule wa fremu ya nne, kwa nini asijenge nyuma kidogo, alipo na eneo lake halali kabisa. Alinitazama kwa huruma. "Mzee, nyuma kule nani ataniona?"

Hiyo fremu, nakumbusha, haijafunguliwa tangu mavuno.