Viatu vya Makka: Mwongozo kwa Wapenda Kung'aa

Kabla hujaingia dukani, ndugu msafiri, kaa chini upige hesabu ya njia. Kutoka Safa hadi Marwa ni kama mita 450, nawe unakwenda mara 7. Hapo umeshatembea kilomita 3 na ushei, na wanaume wakifika kwenye taa za kijani wanatakiwa wakaze mwendo hadi mchakamchaka. Hiyo ni saayi peke yake. Imetanguliwa na tawafu, mizunguko 7 ya Kaaba. Ukiipata chini uwanjani karibu na Kaaba ni mifupi, lakini msongamano ukikupandisha ghorofani au darini, kila mzunguko unarefuka mara kadhaa. Ongeza njia ya hotelini hadi Msikiti Mtukufu na kurudi, kwa swala tano. Na Hija yenyewe bado. Kuna Mina, kuna Arafa iliyo kama kilomita 20 kutoka Makka, kuna usiku wa Muzdalifa, kisha kurudi Mina kutupa mawe siku tatu au nne. Mabasi yapo na treni ipo, ila hakuna hata moja litakalokufikisha mpaka nguzo ya Jamarati.

Sasa mtazame anayefunga safari hiyo. Ni mama wa miaka sitini na kitu, mtu wa Tanga au Malindi, ambaye mwendo wake mrefu mwaka mzima ni kwenda shughulini mtaa wa pili. Watoto wamechanga kwa miaka hadi nauli ikatimia, Mungu awalipe. Kisha siku ya mwisho wanamletea viatu vyeusi vya kung'aa, vyenye kisigino na bizimu la rangi ya dhahabu, apendeze kwenye picha za uwanja wa ndege. Watoto wa namna hii nawasema bila kuwaonea haya: mama yenu haendi harusini. Viatu hivyo vitafika Jeddah salama, vitafika hotelini, na siku ya pili vitakuwa chini ya kitanda, na mama atakuwa akitembea na ndala za kuazima huku vidole vimefungwa plasta. Mmemgharamia safari ya maisha yake, kisha mkamharibia kwa kiatu.

Akina baba nao wana lao. Mzee aliyevaa kandambili tangu utoto anapewa kiatu cha ngozi cha kufunga kamba, kigumu kama ubao. Akitia nia ya ihramu analazimika kukivua, kwa sababu mwanamume aliye katika ihramu havai kiatu kinachofunika vifundo vya miguu, na wanazuoni wa Kishafii, ambao Waislamu wengi wa Pwani wanawafuata, wanataka vidole na kisigino visizibwe. Kwa hiyo baba anahitaji sandali. Asitishwe na maneno ya barazani kwamba sandali yenye uzi inabatilisha ihramu. Kinachokatazwa ni vazi lililoshonwa kufuata umbo la mwili, kama kanzu, shati na suruali. Uzi uliopita kwenye soli hauna kosa. Kuhusu mkanda wa nyuma ya kisigino, amuulize sheikh wa msafara kabla ya kununua, si akiwa ndani ya ndege. Mwanamke hana sharti hilo. Raba ni halali kwake na soksi ni halali kwake, kwa hiyo mama anayekwenda saayi na viatu vya kuchuchumia amejitafutia taabu ambayo dini haikumtaka aibebe.

Twende dukani sasa. Nenda jioni. Miguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, huvimba tena kwenye ndege, na joto la Makka huzidisha uvimbe huo, kwa hiyo kiatu kilichokuenea asubuhi kitakubana usiku. Jaribu miguu yote miwili, maana mara nyingi mmoja umeuzidi mwenziwe, na ununue kwa kuufuata ule mkubwa. Simama wima. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Muuzaji atakuambia, "Mama, chukua tu, ikikubana kidogo itapanuka." Mjibu kwa upole, "Mwanangu, itapanuka miguuni mwa nani?" Kisha rudisha kiatu kwenye rafu. Atakuletea kingine, ndiyo kazi yake.

Soli ndiyo yenye kauli. Kishike kiatu mbele na nyuma ukikunje: kinatakiwa kijikunje pale vidole vinapoanzia, penye tumbo la wayo. Kikijikunja katikati kama karatasi, mguu wako ndio utakaobeba kazi ya soli. Bonyeza kwa gumba pale kisigino kinapokaa, usikie kama kuna unono. Pindua uangalie chini: soli iliyo laini bila mikato itakutelezesha kwenye marumaru yenye maji, na maji hayakosekani kwenye njia za chooni na mahali pa kutawadhia.

Hapa nawagusa wapenzi wa makubadhi, na nawagusa kwa mapenzi, kwa sababu kubadhi la Lamu au la Unguja ni kazi ya mikono ya kujivunia. Soli ya ngozi tupu, hata hivyo, haikutengenezwa kwa saayi. Acha makubadhi kwa Idi nyumbani. Mitalawanda sitaki hata kuijadili. Kandambili za mpira mwembamba zibebe kwa ajili ya chooni, mwisho wake hapo: gidamu yake husugua kati ya vidole mpaka ngozi itoke, na uwembamba wake unapitisha joto la lami na kila kijiwe cha Muzdalifa. Makatambuga ya tairi hayaishi upesi, ni kweli, lakini ni mazito na mikanda yake ni mikali kwa ngozi isiyoyazoea. Kilichobaki, na ndicho ninachokisimamia, ni sandali pana yenye soli nene ya kubonyea na mikanda mipana inayorekebika, na kando yake raba nyepesi. Mwanamume ataivaa raba hiyo siku ya 10 ya Dhulhija, akishatupa mawe na kunyoa na kuvua ihramu, na atakwenda nayo Jamarati siku zilizobaki.

Kiatu kikishapatikana, kinunuliwe angalau miezi miwili kabla ya safari. Kiatu kipya ni punda asiyezoea shogi: mpakie mzigo ukiwa nyumbani. Kivae sokoni, kivae kwenda msikitini, kivae asubuhi ukitembea nusu saa, kisha saa nzima. Mahali patakapokuwasha au kupata wekundu ndipo lengelenge litakapotokea Makka, na sasa unapajua. Malengelenge hutokana na msuguano, joto na unyevu, kwa hiyo paka mafuta mazito ya mgando mahali hapo kabla ya kutoka. Soma kopo kwanza: yawe hayana manukato, kwa sababu aliye katika ihramu hajipaki manukato. Mama avae soksi isiyoshika maji, na abebe jozi ya akiba. Kucha zikatwe kabla ya kuingia kwenye ihramu, kwa kuwa ndani yake hazikatwi, na ukucha mrefu ndani ya raba utaumiza kila hatua.

Lipo jambo ambalo halina mzaha hata chembe. Mwenye kisukari cha muda mrefu huenda asihisi nyayo zake. Anaweza kukanyaga lami inayounguza, ngozi ikababuka, naye asijue mpaka aone damu. Marumaru nyeupe ya uwanja wa tawafu, iliyotoka kisiwa cha Thassos huko Ugiriki, hurudisha mwanga wa jua na kubaki na ubaridi, na ndiyo maana watu hutufu peku wakiwa na raha. Ukitoka tu kwenye uwanja huo, sakafu na lami za nje hazikuhurumii. Mwezi Juni 2024 joto lilipimwa nyuzi 51.8 za Selsiasi kwenye Msikiti Mtukufu, na lami iliyopigwa na jua huwa na moto kuliko hewa. Tarehe za Hija hutangulia kwa siku 10 au 11 kila mwaka na sasa zinaondoka kwenye kiangazi, lakini Makka haitakuwa Lushoto. Mwenye kisukari asitembee peku nje hata kwa dakika moja, akague nyayo zake kila usiku kwa kioo au kwa macho ya mwenziwe, na azungumze na daktari na sheikh mapema. Dini ina ruhusa kwa mwenye dharura, na fidia yake inajulikana.

Mwisho kuna msiba wa mlangoni. Msikiti Mtukufu una milango mingi, na mtu mgeni anaacha viatu vyake kwenye rafu ya Mlango wa Mfalme Fahd, namba 79, kisha msongamano unamtoa upande wa Mlango wa Mfalme Abdulaziz, namba 1. Kuvifuata ni mwendo mrefu, na akifika huenda asivikute. Hapo ndipo sandali iliyozoeshwa kwa miezi miwili inapopotea, na haji anarudi hotelini peku juu ya sakafu ya moto saa saba mchana. Shona mfuko wa kitambaa wenye kamba ya kuvaa begani, andika jina na namba ya kikundi chako, tia viatu ndani na usiviachie. Fundi cherehani wa mtaani atakushonea ukiwa unasubiri. Sandali nyeusi zinafanana zote, kwa hiyo funga uzi mwekundu kwenye mkanda, na usione haya.

Enyi watoto mnaomsafirisha mzazi: jioni moja ya wiki hii mshikeni mkono mama, mwende naye dukani yeye mwenyewe, na miguu yake yote miwili. Msimnunulie kiatu asichokijaribu. Baki ya pesa mliyotenga kwa ajili ya bizimu la dhahabu nunueni soksi.