Huria Yenye Masharti

Programu huria, kwa fasili iliyotolewa na shirika la Open Source Initiative mwaka 1998, ni ile ambayo yeyote huruhusiwa kuitumia kwa kazi yoyote, kuusoma msimbo wake, yaani maagizo aliyoyaandika mtunzi wake, kuurekebisha na kuusambaza. Julai 2023 kampuni ya Meta iliinadi Llama 2, modeli yake ya akili mnemba, kuwa huria, ingawa leseni yake ilikataza matokeo yake yasitumiwe kuboresha modeli kubwa za lugha za wengine, na kuidai kampuni iliyokwisha kuwa na watumiaji zaidi ya milioni 700 kwa mwezi iombe kibali kwanza, sharti ambalo, bila shaka, liliwakosesha usingizi wenye maduka ya rejareja. Data iliyoifunza haikutolewa. Aliyeipakua alikabidhiwa vigezo, yaani mabilioni ya namba zilizokwisha kukokotolewa, sawa na mgeni aliyekaribishwa jikoni akaoneshwa sufuria iliyofunikwa. Open Source Initiative ilitamka mwezi huohuo kwamba leseni hiyo si huria. Llama 3 ilipotoka Aprili 2024, sharti la milioni 700 lilikuwa palepale, likiongezewa agizo kwamba jina la modeli yoyote itakayozaliwa nayo lianze kwa jina la mzazi.