Shaka Amefika Busia

Mjomba wangu wa Tororo, Uganda, hajakubali mpaka leo kwamba Henry Cele amekufa. Tulimpa habari mwaka 2007 wenyewe, akajibu kwamba Wakenya tuna chumvi. Kwake Shaka ni mmoja: yule golikipa wa zamani wa Durban aliyemwigiza mfalme huyo wa Wazulu katika tamthilia ya William Faure ya mwaka 1986. Sisi watoto wa Busia tuliitazamia kwake, kwenye kanda za video zilizochoka. Sehemu zilikuwa 10, lakini kanda moja ilipotea, na kwa miaka mingi niliamini Shaka alizaliwa akiwa jemadari.

Basi Krismasi iliyopita nikalipia king'amuzi tuitazame Shaka iLembe, ile mpya iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2023. Ukoo ukanihamia. Mjomba alikuja na blanketi lake begani. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kizinduliwe mwaka 2018, msafiri hukaguliwa upande anaoingia tu, hivyo hakuwa na foleni ya kulalamikia. Akalalamikia kochi.

Hadithi haijakolea, akauliza, "Wazungu wako wapi?"

Si swali la kipuuzi. Ile ya zamani ilimfuata Shaka kwa macho ya akina Farewell na daktari Fynn, Waingereza waliofika kwa mfalme wakitokea baharini. Hii mpya inazungumza Kizulu, na inaanza mbali, kabla Shaka hajazaliwa. Mjomba akakaa kuingoja meli. Meli haikuja.

Shangazi hakuhangaika na maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Aliisoma kesi kwenye nyuso za watu. Nandi, mama yake Shaka, anayeigizwa na Nomzamo Mbatha, ana mimba ya Senzangakhona. Mimi nikajitia mjuzi, nikaeleza kwamba katika masimulizi ya kale wazee wa Kizulu walikana, wakasema tumbo hilo ni la mdudu aitwaye ishaka. Shangazi akasimama.

"Mdudu? Mdudu gani wa miezi tisa? Walete ng'ombe!"

Kuanzia hapo kila Senzangakhona alipotokea alitozwa faini. Na nadhani Shangazi aliielewa tamthilia hii kuliko sisi sote. Ile ya utotoni ilitupa mkuki. Tulirudi Busia tukichomana na vijiti vya ufagio, wala hatukumfikiria mama yake Shaka hata siku moja. Hii imempa Nandi kesi yake, na kesi za namna hiyo Shangazi ameziamua nyingi huko Samia.

Tatizo ni kwamba mkuki nao bado umo. Watoto walikwisha kutoka nje kimya kimya, jambo ambalo lingetosha kututia wasiwasi. Ngao ni vifuniko vya sufuria, mkuki mfupi ni mwiko wa ugali, adui ni bata mzinga wa Krismasi. Wakajipanga kwa mtindo wa pembe za ng'ombe: kifua kinashambulia mbele, pembe mbili zinazunguka, akiba inangoja nyuma. Hesabu ilikuwa sahihi, ila kamanda wa pembe ya kushoto aliitwa na mama yake akachote maji. Bata mzinga akapita kwenye hilo pengo, akatoboa ua, akashika njia ya panya hadi Uganda.

Nilimfuata na kandambili. Nilimkuta katika boma la mama mmoja, ameshamaliza sehemu ya mtama uliokuwa umeanikwa, amefungwa mguu kwenye mwembe. Mama alikuwa mpole lakini hakutaka shilingi za Kenya. Nikatafuta wabadilishaji fedha, ambao wakimwona mtu anahema hawampi bei nzuri.

Kurudi nyumbani, umeme umekatika, lakini Shaka anaendelea. Shangazi alikuwa amesimama mbele ya runinga iliyozima, anasimulia mwenyewe kwa sauti ya kishindo, mtindo wa VJ Jingo wa Kampala anapotafsiri filamu. Nandi alikwisha kulipwa ng'ombe wote. Mjomba alikuwa akimsahihisha kwa ushahidi wa mwaka 1986, na nasikia meli ilikuwa imeshatia nanga.

Msimu wa pili ulitoka mwaka 2025. Shangazi ameamuru Mjomba aulipie, maana anadaiwa ile kanda iliyopotea, na bata mzinga achinjwe kabla ya mtu yeyote kushika rimoti.