Fundi Aliyeomba Radhi

Kosa lilikuwa langu. Nilipita Posta jioni, pale wanapotandaza vitabu vya mitumba chini, nikanunua viwili vya hadithi za watoto, za shule zenye vituko vya ajabu. Nilidhani huyu mwanangu wa darasa la tano atasoma mwenyewe, nami nitatazama mpira. Kumbe Kiingereza chake bado kinasuasua. Sasa kila usiku nasoma Kiingereza kwa macho na kutoa Kiswahili kwa mdomo, kama mkalimani wa mahakamani, tofauti tu ni kwamba mimi sina posho.

Cha kwanza ni cha Mmarekani Louis Sachar, cha mwaka 1978. Shule ilitakiwa iwe ya chini, madarasa 30 yamepangana ubavu kwa ubavu. Fundi akaisimamisha: ghorofa 30, kila ghorofa darasa moja. Nikanyamaza kidogo ili mtoto acheke. Wapi!

"Fundi walimfanya nini?"

"Hawakumfanya kitu. Aliomba radhi."

"Fundi? Aliomba radhi?" Hapo ndipo alipocheka mpaka mama yake akaja kuuliza kuna nini.

Tukaendelea. Ghorofa ya 19 haipo, na mwalimu wake pia hayupo. Mtoto akatikisa kichwa kama mzee wa baraza. Choo kipya cha wavulana shuleni kwao nacho kipo kwenye mchoro uliobandikwa ofisini, nje hakipo. Akataka tuendelee mbele, hapo hakuona kituko.

Kuna mwalimu humo, Bi Gorf, anayewageuza watoto kuwa matufaa: anatikisa sikio la kulia, kisha la kushoto, anatoa ulimi, basi. Mwanangu akapiga hesabu papo hapo. Darasani kwao wako 78. Tufaa moja kwenye mataa ni elfu moja. "Mwalimu wetu angetuuza, Baba. Anadaiwa dukani." Asubuhi nikamkuta mezani ananikazia macho huku anajaribu kutikisa masikio. Nimelala macho kwa ajili yake, shukrani ndiyo hiyo.

Cha pili ni cha Bruce Coville, cha 1989, kuhusu mwalimu aliyetoka sayari nyingine anayejivua uso nyumbani. Anapanga kuondoka na wanafunzi watano: anayeongoza, anayeshika mkia na watatu wa katikati kabisa. Mtoto akakaa kitako kitandani. Yeye muhula uliopita alikuwa wa 39 kati ya 78. Nikaona nimepata upenyo, nikamwambia dawa ni kusoma kwa bidii apande. Akakubali, ila kwa kiasi, asije akafika namba moja, maana huyo naye anachukuliwa. Sikuwa na jibu.

Sasa sikia hili. Juzi saa tatu usiku, mimi nimeshavua viatu, ndipo anakumbuka kuna insha ya kupeleka kesho: shule itakavyokuwa mwaka 2100. Nikamsimulia Isaac Asimov, aliyeandika mwaka 1951 juu ya Margie, mtoto wa karne zijazo ambaye mwalimu wake ni mashine iliyowekwa nyumbani. Mashine inamtesa kwa majaribio ya jiografia mpaka anaitwa mkaguzi aje kuifungua, akakuta imewekwa mwendo wa kasi mno.

"Na uniti za umeme zikiisha?" akauliza.

Akaandika mwenyewe. Mwalimu wake mashine anafundisha hadi uniti zikatike, kisha watoto wanachangishana. Kwa kuwa hana macho ya kisogoni, kiranja bado anaandika majina ya wapiga kelele kwenye karatasi, na majina mengine yanafutwa kwa andazi. Kengele ni ileile rimu ya lori iliyoning'inia mwembeni. Nikamwambia mwaka 2100 rimu itakuwepo kweli? Akasema rimu haiozi. Nikaona insha imepoa, nikambembeleza aongeze roketi ya kuwapeleka ziara ya Mwezini. Akaiweka shingo upande.

Daftari limerudi. 14 kwa 20. Pembeni ya rimu kuna vyema viwili. Roketi imepigwa mstari mwekundu na maneno: "Hii umeitoa wapi?"

Tangu hapo haniulizi insha, lakini kusomewa bado anataka. Usiniambie tuna Walenisi. Najua Katama Mkangi alishatupeleka sayari nyingine kwa Kiswahili mwaka 1995, lakini hiyo ni riwaya ya wakubwa, na huyu wangu ana miaka 11. Kama wewe ni mwandishi na umewahi kusoma shule yenye rimu mwembeni, kaa uandike. Ukimaliza, niletee nakala moja. Nalipa taslimu, mradi nirudi kwenye mpira wangu.