Injinia, Kalete Soda

Natamani siku moja nikutane na mtu anayeandika matangazo ya kazi za uhandisi. Sina ugomvi naye. Nitamsalimia, nimuulize hali ya nyumbani, kisha anioneshe wapi anapatikana kijana mwenye shahada, umri usiozidi miaka 25 na uzoefu usiopungua miaka mitano. Hesabu nimeipiga. Kijana huyo itabidi awe alianza kusimamia madaraja akiwa bado anasubiri matokeo ya kidato cha sita.

Wakubwa wana jibu: "Si mna PT nyie?" Tunayo, ndiyo. Wiki nane za mafunzo kwa vitendo kila mwaka wa masomo unapoisha. Kwenye karatasi mambo ni mazuri. Shida huanza karatasi ikifika mapokezi. Dada wa pale ataishika barua yako kwa vidole viwili, ataipandisha juu ya mlima wa barua za wenzako, atasema, "Tutakupigia." Ahadi zile zingekuwa umeme, tusingehitaji megawati 2,115 za bwawa la Nyerere.

Nafasi nilikuja kuipata kitaalamu kabisa: mama ana shoga yake wa VICOBA, shoga ana shemeji, shemeji anafahamiana na foremani mmoja Kigamboni.

Nikaripoti saiti na kofia ngumu mpya ya Kariakoo, imenunuliwa kwa bumu. Mafundi wakaanza kuniita Injinia asubuhi ileile, nami kichwa kikavimba hadi kofia ikabana. Kumbe cheo kile huja na majukumu yake. Injinia, kalete soda. Injinia, mwambie mama ntilie wali maharage sita, mmoja asitie pilipili. Injinia, shika mpira.

Mpira wenyewe ni ule mwembamba unaoonesha maji ndani, fundi anashika ncha huku, wewe kule, mnahamisha alama ya usawa kutoka nguzo hadi nguzo. Chuoni tulifundishwa mashine ya miguu mitatu yenye darubini. Na tusidanganyane, mpira ule ulinifundisha kuliko muhula mzima. Maji hayajui GPA ya mtu.

Siku niliyoingoja ni ya kumwaga slebu. Zege halilali, basi nasi hatukulala. Nilijiandaa kupima slampu: koni ya sentimita 30, matabaka matatu, kila tabaka unalishindilia mara 25. Darasani nilikuwa naimba. Foremani akanipa kalamu na kipande cha boksi, akasema nihesabu ndoo za kokoto. Nikahesabu mpaka mbu wa Kigamboni nao wakanizoea. Koni sikuigusa.

Halafu kuna logibuku. Kila siku uandike ulichofanya, kila wiki uchore mchoro wa kihandisi. Sasa mtu aliyeshinda anafuata soda aandike nini? Anaandika: "Nilishiriki kuratibu ugavi wa mahitaji muhimu ya wafanyakazi katika eneo la ujenzi." Kwenye mchoro unaweka nguzo, nondo na ringi zake kila milimita 200, nguzo ambayo wewe uliiona ukipita na chupa mkononi. Mwalimu wa kutukagua alifika, akasifu mwandiko wangu, akageuza mbio kuwahi pantoni.

Na ukimaliza chuo hujamaliza. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango wake wa uanagenzi, SEAP, miaka mitatu. Huo sina kinyongo nao, maana angalau unakubali kwamba mtu huanza hajui. Hata zege hupewa muda: kyubu zinavunjwa maabara siku ya 7, nyingine siku ya 28. Sijaona mtu akilivunja siku ya pili, halafu akalilaumu kwa kukosa uzoefu.

Juzi foremani kanipigia. Wiki ijayo wanamwaga slebu ya juu, wanaume hawatoshi, niende kama saidia fundi, hela jioni kwa jioni. Kipindi chote cha PT sikuwahi kuona hata nauli mkononi mwake. Leo nimeshushwa cheo ndipo nalipwa. Nimemwambia, "Nakuja, mzee. Ila soda mtafutie mtu wa mwaka wa kwanza."